Kuku Aliyepita Kwenye Fremu: Utazamaji wa Kihakiki na Mazoea ya Kutafuta Ujumbe katika Darasa la Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna filamu, matangazo na picha za video zinavyoshughulikiwa katika darasa la Kiswahili la shule za sekondari za Afrika Mashariki. Hoja yake ni kwamba utaratibu uliozoeleka wa kutenga fani na maudhui, unapohamishiwa kwenye filamu bila marekebisho, humzoeza mwanafunzi kuchomoa ujumbe na kuipuuza picha iliyoubeba. Mazoea hayo yanalinganishwa na mantiki ya sinema ya mafunzo ya wakati wa ukoloni, hasa jaribio la Vugiri, Tanganyika, la mwaka 1935 hadi 1937. Baada ya hapo makala yanachunguza amali tatu zilizokwisha kuwapo ambazo darasa linaweza kuzitumia: usomaji wa picha katika somo la Jiografia, sanaa ya watafsiri wa filamu vibandani, na filamu ya Vuta N'kuvute (2021) iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Inahitimishwa kwamba kufundisha utazamaji wa kihakiki ni kumfundisha mwanafunzi kuanza na kilichoonekana kabla ya kilichokusudiwa.

Istilahi muhimu: utazamaji wa kihakiki, elimu ya vyombo vya habari, filamu, fani na maudhui, rejesta

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa Kiswahili anaweza kutofautisha tashibiha na sitiari, kueleza usawiri wa wahusika katika tamthiliya, na kutaja dhamira za riwaya aliyoisoma. Mwanafunzi huyohuyo akipokea kwenye simu video ya nusu dakika inayoonesha watu wakikimbia, huku sauti ikidai kwamba tukio limetokea jana katika mji fulani, elimu hiyo haimpi maswali ya kuanzia. Picha imeanzia wapi na imekatwa wapi? Sauti ilirekodiwa pamoja na picha au ilibandikwa baadaye? Aliyeshika kamera alisimama upande wa nani? Maswali haya ni ya uhakiki kwa maana kamili ya neno hilo, lakini ni nadra kuulizwa katika somo ambalo ndilo hubeba jina la uhakiki.

Kimataifa, wito wa kuyafundisha maswali ya aina hii si mpya. Azimio la Grünwald la mwaka 1982, lililotolewa chini ya UNESCO, lilizitaka mamlaka za elimu kukuza uelewa wa kihakiki wa vyombo vya mawasiliano. Mwaka 2011 UNESCO ilichapisha mtaala wa kuwaandaa walimu katika uwanja huo. Nchini Kenya, mfumo wa mtaala wa umilisi uliotolewa mwaka 2017 uliutaja umilisi wa kidijitali na fikra za kihakiki miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Hata hivyo, kuutaja umilisi si sawa na kuamua nani aufundishe na kwa mbinu gani. Umilisi wa kidijitali huelekea kueleweka kama ustadi wa kutumia vifaa kwa usalama, na fikra za kihakiki huachwa zielee juu ya masomo yote bila kuwa na makazi katika somo lolote.

Makala haya yanapendekeza kwamba makazi ya asili ya utazamaji wa kihakiki ni somo la Kiswahili, kwa kuwa ndilo somo ambalo mwanafunzi hujifunza kwamba kila matini imetungwa na mtu, kwa kusudi, kwa ajili ya hadhira. Pendekezo hilo lina sharti. Somo lenyewe halina budi kwanza kujihakiki, kwani mbinu inayolitawala ina tabia moja inayoweza kuharibu utazamaji badala ya kuujenga.

2.0 Sinema ya mafunzo na mtazamaji aliyedhaniwa

Historia ya kufundisha watu kutazama ilianza kwa woga. Mwaka 1933, F. R. Leavis na Denys Thompson walichapisha nchini Uingereza kitabu cha kuwawezesha walimu kuwafunza wanafunzi kuchambua matangazo ya biashara na magazeti. Kusudi lao lilikuwa kumkinga kijana dhidi ya utamaduni wa soko: ajue lugha ya mtangazaji ili asiingie mtegoni. Baadaye wataalamu wa elimu ya vyombo vya habari, akiwamo Len Masterman katika kitabu chake cha mwaka 1985, waliukosoa msimamo huo kwa sababu humfanya mwalimu kuwa daktari na mwanafunzi kuwa mgonjwa anayesubiri chanjo.

Miaka miwili tu baada ya kitabu hicho, Tanganyika ilikuwa uwanja wa jaribio lenye woga wa aina nyingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kwa ufadhili wa shirika la Carnegie la Marekani na usimamizi wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa na kuzungushwa Tanganyika na katika makoloni ya jirani. Mada zake zilikuwa za kufunza: minyoo ya safura, malaria kwa watoto wachanga, kodi, akiba ya posta. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo, kisha yakachezwa sambamba na picha.

Mpangilio huo wa kiufundi una maana ya kinadharia. Picha ilitoka upande mmoja na sauti upande mwingine, na sauti ndiyo iliyokuwa na mamlaka: ilimwambia mtazamaji kile alichokuwa anakiona. Picha ilihesabiwa kuwa chombo tu cha kufikishia somo ambalo lingeweza pia kutolewa kwa mhadhara au kijitabu. Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939 kiliikuza dhana hiyo hadi kuwa kanuni. William Sellers, aliyekiongoza, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hakuwa na uwezo wa kufuata ukataji wa haraka wala mbinu za kamera, hivyo filamu zake ziwe za mwendo wa polepole, zenye picha ndefu na zisizo na jambo la ziada la kumchanganya.

Ni ndani ya mantiki hii ndipo kilipotokea kisa kinachosimuliwa sana katika taaluma ya mawasiliano. John Wilson wa Chuo Kikuu cha London alikieleza mwaka 1961, na mwaka uliofuata Marshall McLuhan akakieneza katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy. Filamu ya takribani dakika tano, iliyotengenezwa kwa mwendo wa polepole kabisa, ilionesha namna ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Watazamaji wapatao thelathini wa kijiji cha Kiafrika walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba filamu yao ilikuwa na kuku. Ilibidi waikague fremu baada ya fremu, ndipo wakamwona: alishtushwa, akaruka na kupita kwenye kona ya chini ya picha kwa muda wa kama sekunde moja.

Wilson alihitimisha kwamba watu wale hawakuwa wamejifunza kuitazama fremu kwa ujumla wake, walichungulia vijisehemu. McLuhan alikitumia kisa hicho kuthibitisha nadharia yake kuhusu jamii zisizo na maandishi. Katika masimulizi yote mawili, mwenye upungufu ni mtazamaji.

Kisa kinaweza kusomwa kinyume chake. Katika filamu nzima, kuku ndiye kiumbe pekee ambaye hakuelekezwa la kufanya. Mtu aliyeoneshwa alipewa mahali pa kusimama, makopo yaliwekwa ili yaokotwe, maji yalichaguliwa ili yafukiwe. Kuku aliingia mwenyewe. Aliyemwona aliiona sehemu ya picha ambayo haikupangwa, na kwa hiyo alikuwa na ushahidi kwamba sehemu iliyosalia ilipangwa. Walioshindwa kuona ni wale ambao tayari walikuwa wanajua filamu ina maana gani. Ujumbe uliwajaa machoni hata picha ikawapotea.

Usomaji huu haumaanishi kwamba wanakijiji wale walikuwa wahakiki wa filamu. Unamaanisha jambo dogo zaidi na lenye manufaa zaidi kwa mwalimu: kwamba kuna utazamaji unaoanza na kilichopo na utazamaji unaoanza na kilichokusudiwa, na kwamba wa pili, hata ukiwa wa wasomi, si lazima uwe wa juu zaidi.

3.0 Kutoka akiba ya posta hadi dhamira

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili shuleni umejengwa juu ya jozi ya fani na maudhui. Mjadala wa miaka ya 1970 na 1980 kuhusu uhusiano wa jozi hiyo unafahamika kwa kila mwanafunzi wa fasihi kupitia milinganisho yake: kikombe na kahawa iliyomo, ganda la chungwa na nyama yake, pande mbili za sarafu moja. Kinadharia, mlinganisho wa sarafu ndio ulioshinda. Vitabu vingi husisitiza kwamba fani na maudhui havitenganiki. Katika utendaji, hata hivyo, kikombe na kahawa bado vinatawala. Swali la mtihani huuliza dhamira, au huuliza mbinu za kisanaa. Mwanafunzi hupanga majibu yake katika safu mbili, na safu ya maudhui ndiyo inayotangulia na kuhesabiwa kuwa nzito.

Katika riwaya, kasoro hiyo hupunguzwa na ukweli kwamba mwanafunzi lazima apite katika maneno ya mwandishi ili aifikie dhamira. Lugha humchelewesha. Filamu haimcheleweshi. Picha huonekana kana kwamba haina lugha: mtu anayelia ni mtu anayelia, nyumba ni nyumba. Mwalimu anapowaonesha wanafunzi filamu kisha akauliza "Tumejifunza nini?", wanafunzi huruka moja kwa moja kutoka tukio hadi funzo: ulevi ni mbaya, tamaa huleta mauti, elimu ni ufunguo wa maisha. Majibu hayo yanaweza kuwa sahihi yote, na mwanafunzi akawa hajatazama chochote. Angeweza kuyatoa hata kama angesimuliwa filamu hiyo na mwenzake njiani.

Hapa ndipo Vugiri inapokutana na darasa la leo. Mtengenezaji wa filamu ya akiba ya posta alitaka mtazamaji aondoke na sentensi moja: weka fedha posta. Mwalimu anayetafuta ujumbe humtaka mwanafunzi aondoke na sentensi moja ya aina hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mtengenezaji wa Vugiri aliupanga ujumbe wake kwa makusudi, ilhali mwalimu huufanya ujumbe kuwa kipimo cha kila filamu, hata ile iliyotungwa ili kuyakimbia mafunzo. Sanaa inayouliza swali hulazimishwa kutoa jibu.

Mfano wa pili wa tabia hii ni ufundishaji wa matangazo ya biashara. Katika silabasi za Tanzania na Kenya, tangazo huingia darasani kama rejesta, au sajili kama inavyoitwa Kenya. Mwanafunzi hufundishwa kwamba lugha ya matangazo hushawishi, hutumia chuku na takriri, huwa na sentensi fupi na wakati mwingine huchanganya ndimi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanalichukulia tangazo kana kwamba lingali likisomwa redioni na mtu mmoja. Tangazo la sabuni kwenye televisheni linaweza lisiseme lolote la kupotosha, na bado upotoshaji wote ukawa katika picha: jiko pana lenye dirisha kubwa, mama asiyetoka jasho, nguo iliyopigwa mwanga mkali zaidi kuliko ile ya awali. Mwanafunzi aliyefuzu rejesta ataikamata chuku iliyo katika neno "zaidi" na kuiacha ile iliyo katika taa.

4.0 Somo la jirani: usomaji wa picha

Inaweza kudhaniwa kwamba shule zetu hazina kabisa utaratibu wa kusoma picha. Sivyo. Utaratibu upo katika somo la Jiografia. Katika mitihani ya sekondari ya Tanzania na Kenya, mtahiniwa huwekewa picha iliyochapishwa na kuulizwa maswali ya utaratibu maalumu. Je, picha imepigwa kutoka ardhini au angani? Kama ni ya angani, kamera ilielekezwa wima au kwa mshazari? Kuna nini katika sehemu ya mbele, ya kati na ya nyuma? Ni shughuli gani za kiuchumi zinaweza kufanyika katika eneo hilo, na ushahidi wake ni upi pichani?

Utaratibu huo una nidhamu ambayo darasa la fasihi linaikosa linapokutana na filamu. Kwanza, unaanza na mahali alipokuwa mpigapicha. Kabla ya kuuliza picha ina maana gani, mwanafunzi lazima atambue kwamba kulikuwa na mtu, na kwamba alisimama mahali fulani. Pili, unamlazimisha kuorodhesha vilivyopo kabla ya kukisia. Tatu, kila hitimisho hudaiwa ushahidi ulio ndani ya fremu: haitoshi kusema watu wa eneo hilo ni wafugaji; lazima zizi, mnyama au malisho vioneshwe.

Upungufu wa mbinu ya Jiografia ni kwamba huichukulia picha kuwa dirisha la kuonea mandhari. Haiulizi kwa nini mpigapicha alisimama pale na si kwingine, wala nini kiliachwa nje ya ukingo. Swali hilo ndilo linalopaswa kuongezwa na somo la Kiswahili, ambalo tayari lina istilahi ya kuliulizia: usimulizi. Msimulizi wa riwaya huchagua la kusema na la kunyamazia. Kamera nayo huchagua. Mwanafunzi anayejua tofauti kati ya msimulizi maizi na msimulizi wa nafsi ya kwanza hana safari ndefu hadi kuuliza: kamera hii inajua kuliko mhusika, au inajua kadiri anavyojua yeye tu? Pale ambapo Jiografia inatoa nidhamu ya kuona, fasihi inatoa nadharia ya aliyeonesha. Kwa kuwa masomo haya mawili hufundishwa na walimu wawili, mara nyingi hata katika lugha mbili, mwanafunzi hajawahi kuoneshwa kwamba ni kazi moja.

5.0 Mtafsiri wa kibandani kama mhakiki

Amali ya pili inapatikana nje ya uzio wa shule. Kwa miongo kadhaa, filamu za Hong Kong, India, Marekani na Nigeria zimewafikia watazamaji wa Afrika Mashariki kupitia sauti ya mtu wa tatu: mtafsiri. Jijini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, anayefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, aliijengea kazi hiyo heshima na soko. Nchini Kenya, DJ Afro amepata umaarufu kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Nchini Uganda, VJ Jingo na wenzake hufanya hivyo kwa Kiganda. Matthias Krings, aliyezitafiti kazi za watafsiri wa Tanzania, aliifananisha sanaa hiyo, katika kichwa cha makala yake, na kuugeuza wali kuwa pilau.

Mfano huo wa jikoni unasema mengi. Mtafsiri hafasiri maneno tu. Hutaja kinachoonekana, hukisia kitakachofuata, huwapa wahusika majina ya mtaani, huwacheka, huwahukumu, na huigeukia hadhira kuieleza kwa nini adui amesimama kwenye kivuli. Msamiati wa kibandani nao una nadharia yake. Neno "steringi" humtaja mhusika mkuu, lakini pia hubeba maarifa kuhusu utanzu: mtazamaji anayetuliza moyo wenzake kwa kuwaambia kwamba steringi hafi anajua kwamba anachokiona kimetungwa kwa kanuni, wala si tukio lililojitokea tu.

Mwaka 1973 Stuart Hall alieleza kwamba ujumbe wa televisheni haupokelewi jinsi ulivyotumwa: mtazamaji anaweza kuukubali kwa masharti ya mtumaji, akajadiliana nao, au akaupinga. Mtafsiri wa kibandani hufanya mambo yote matatu ndani ya dakika kumi, na kwa sauti. Akilinganishwa na santuri ya Vugiri, mageuzi ni makubwa. Katika hali zote mbili sauti ya Kiswahili imetenganishwa na picha na kubandikwa juu yake. Huko Vugiri, sauti ilikuwa ya mwenye filamu, ikimwambia mtazamaji aone nini. Kibandani, sauti ni ya mtazamaji mmoja aliyepewa kipaza sauti, akiieleza filamu jinsi inavyoonekana kutoka kwenye benchi.

Haifai, hata hivyo, kumpamba mtafsiri kupita kiasi. Yeye pia anaweza kuipotosha filamu, kuitia dhihaka dhidi ya wanawake au dhidi ya makabila, na kuziba ukimya ambao mwongozaji aliuacha kwa makusudi. Kutokana na hali hiyo, hafai kuwa kielelezo cha kuigwa tu. Anafaa kuwa kitu cha kuchunguzwa. Zoezi la darasani linaweza kuwa hili: wanafunzi watazame kipande cha dakika mbili bila sauti, kila kundi litunge usimulizi wake wa Kiswahili, kisha yasikilizwe masimulizi yote juu ya picha ileile. Kundi moja litaifanya kuwa kisa cha mapenzi, jingine kisa cha wizi. Hapo mwanafunzi hugundua kwa vitendo kile ambacho mhadhara mzima usingemfunza: kwamba sauti inaweza kuiamuru picha iseme jambo ambalo haikulisema. Aliyewahi kuibandika sauti kwa mkono wake mwenyewe ana sababu ya kuitilia shaka sauti iliyobandikwa kwenye video ya simu.

6.0 Riwaya na filamu: Vuta N'kuvute

Amali ya tatu ni filamu inayotokana na kitabu ambacho darasa linakijua. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya kidato cha tano na cha sita Tanzania. Filamu iliyoongozwa na Amil Shivji ilioneshwa mara ya kwanza mwaka 2021 katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto. Riwaya na filamu zote zinasimulia Zanzibar ya miaka ya 1950, kuhusu Yasmin, binti wa jamii ya Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, akamkimbia, akahifadhiwa na Mwajuma, na akakutana na Denge, mpigania uhuru anayefuatwa na makachero wa serikali ya kikoloni.

Kishawishi cha kwanza ni kuitumia filamu kama njia ya mkato ya kukwepa riwaya, au kama kielelezo cha kuthibitisha dhamira zilizokwisha kuandikwa ubaoni: ndoa za kulazimishwa, ukombozi, ubaguzi. Matumizi yote mawili huifanya filamu kuwa kikombe kingine cha kahawa ileile. Thamani yake halisi iko pale inapotofautiana na kitabu kwa sababu ya chombo chenyewe. Riwaya inaweza kutuingiza katika mawazo ya Yasmin kwa sentensi moja. Filamu haina sentensi hiyo. Haina budi kuamua kamera isimame karibu na uso wake kiasi gani, kwa muda gani, na mwanga uingie kutoka wapi. Kila uamuzi kama huo ni tafsiri ya riwaya, na kila tafsiri inaweza kuhojiwa.

Swali moja linaweza kubeba vipindi kadhaa. Hii ni hadithi ya watu wanaotazamwa: Yasmin anatazamwa na ndugu, na jamii, na mume; Denge anatazamwa na makachero. Katika riwaya, msimulizi hutueleza nani anamwona nani. Katika filamu, kila picha ni mtazamo wa mtu fulani, hata pale ambapo mtu huyo hatajwi. Mwanafunzi aulizwe basi, kwa kila onesho analochagua: macho haya ni ya nani? Ni ya mpenzi, ya jirani, ya kachero, au ya mtalii wa leo anayependa milango ya Mji Mkongwe? Je, kuna mahali ambapo uzuri wa picha unaunga mkono uchungu wa hadithi, na mahali ambapo unaufunika? Swali la mwisho halina jibu la mwongozo wa mwalimu, na hiyo ndiyo faida yake. Mwanafunzi atalazimika kuirudia picha, kama wale waliolazimika kuikagua fremu baada ya fremu kumtafuta kuku.

7.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la vifaa. Shule nyingi hazina umeme wa uhakika, sembuse projekta. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linakisia kwamba utazamaji huanzia kwenye skrini. Picha moja ya gazeti, iliyokatwa ukingo wake na kisha kuoneshwa nzima, inatosha kufundisha maana ya fremu. Kanga iliyotandazwa mezani inatosha kufundisha uhusiano wa picha na maandishi: jina lilelile la kanga huwa pongezi arusini na huwa kijembe barazani, kwa kutegemea nani ameivaa na nani amelengwa. Mwanafunzi anayelielewa hilo anaelewa pia kwa nini picha ya zamani ikipewa maelezo mapya hugeuka kuwa uongo bila nukta moja ya picha kubadilishwa.

Pingamizi la pili ni la mtihani. Kisichotahiniwa hakifundishwi, na mtihani ni karatasi. Jiografia imekwisha kulijibu: picha huchapwa kwenye karatasi ya mtihani. Kwa filamu, inawezekana kumpa mtahiniwa maelezo mafupi ya mfuatano wa picha nne au tano, na kumtaka aeleze maana ingebadilikaje iwapo picha ya tatu ingeondolewa au ya mwisho ingetangulia. Swali kama hilo haliwezi kujibiwa kwa dhamira iliyokaririwa. Litawatisha walimu mwanzoni, kwa kuwa haliwezi kuandaliwa kwa kijitabu cha maswali na majibu, lakini linapima kile hasa kinachodaiwa kufundishwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba tatizo la utazamaji wa kihakiki katika darasa la Kiswahili halitokani na uhaba wa nadharia wala wa amali. Linatokana na mpangilio wa maswali. Swali la ujumbe linapotangulia, picha huwa tayari imekwisha kusomwa kabla ya kutazamwa, kama ilivyokuwa kwa watengenezaji wa filamu ya maji yaliyotuama. Mpangilio unaopendekezwa una hatua tatu: kutaja kilichoonekana na kusikika, kuuliza nani amekionesha, kutoka wapi, na ameacha nini nje, na mwisho kabisa kujadili maana, ikiwamo dhamira. Dhamira haitupwi, ila huwekwa mahali ambapo italazimika kudai ushahidi.

Kuna jambo zito linalotegemea mpangilio huo. Kijana anayemaliza shule leo atakutana na hoja za kisiasa, za kidini na za kibiashara kwa njia ya picha na sauti kuliko kwa njia ya maandishi, na sauti na nyuso za bandia zilizotengenezwa kwa kompyuta zimekwisha kuwa rahisi kusambaza. Kumwambia asiamini kila anachokiona ni chanjo ya Leavis kwa mara nyingine, na asiyeamini chochote ni rahisi kupotoshwa sawa na anayeamini kila kitu. Anachohitaji ni mazoea ya kutazama: kujua kwamba fremu ina ukingo, kwamba kila mkato umefanywa na mtu, na kwamba pembeni mwa picha iliyopangwa vizuri kunaweza kupita kitu ambacho hakikupangwa. Somo la Kiswahili lina uwezo wa kumpa mazoea hayo endapo litakuwa tayari kuchelewesha swali lake linalolipenda zaidi.